Kosa Lisilo na Namba

Watu wasioujua mpira wa kikapu hudhani kazi ya mwamuzi ni kupuliza filimbi. Kupuliza ni rahisi, hata mtoto aliyeokota filimbi jalalani atapuliza mpaka mtaa mzima umlaani. Kazi inaanza ukishapuliza. Mpira umekufa, saa imesimama, wachezaji kumi wanakukodolea macho, na wewe huna budi kuinua ngumi juu kila mtu aione, kisha utembee hadi mbele ya meza ya makarani. Hapo unasimama wima. Unaonyesha kwa vidole namba ya aliyekosa, unaonyesha kwa mikono alichokosa, kama ni kusukuma au kushika au kumpiga mwenzake mkononi, na mwisho unaonyesha adhabu. Karani akishaandika anakuinulia dole gumba. Ndipo mchezo unafufuka.

Fundi Vioo alimpata mke wake katika njia hiyo ya kwenda mezani.

Siku za kazi alikata vioo katika duka dogo lenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Alichovya kisu chake katika mafuta ya taa, akalaza rula ya mbao, akavuta mstari mmoja tu kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akagonga kwa chini, na kioo kikaachana bila ugomvi. Kioo hakipitishwi kisu mara mbili. Ukiurudia mstari kwa kuwa roho haijatulia, umekula hasara. Kwa hiyo alikuwa mtu wa mkono mtulivu, na Jumamosi alipovaa shati la kijivu na kutundika filimbi shingoni, makocha walishukuru kumwona.

Isipokuwa msimu ule wa ujana. Msimu ule mezani alikaa karani mpya, binti wa mapokezi katika zahanati, mwenye mwandiko uliosomeka na shingo ambayo Fundi Vioo aliona ni dhambi kuifunika kwa kola. Basi Fundi Vioo akaanza kuona makosa. Aliona makosa ambayo hata waliotendewa hawakuyaona. Mchezaji akipumua karibu na mwenzake, filimbi ililia, ngumi juu, na bwana huyo mbioni kwenda mezani. Kocha mmoja alimwuliza, "Mwamuzi, hiyo filimbi ina kikohozi?" Naye akajitia hamnazo. Mpaka siku moja yule binti akainama juu ya karatasi na kumwambia taratibu, "Huyo namba sita uliyeniletea yuko benchi tangu tuanze." Fundi Vioo akaona haya, na katika haya hiyo akaona pia kwamba binti anacheka. Wakaoana kabla ligi haijarudi.

Hayo ni ya zamani. Sasa wachezaji walimwita mkewe Mama Meza, na hakuna mechi ya maana iliyochezwa pale bila kalamu yake. Jumamosi walitoka nyumbani pamoja, yeye na begi la karatasi, mume na begi la viatu. Ungewaona ungesema hawa wameshafika. Wenyewe nao walikuwa wakisema hivyo.

Kisha chama cha waamuzi kikamletea Fundi Vioo mwamuzi mwenza mpya.

Alikuwa kijana wa kutengeneza simu, mrefu, mwenye meno yote mahali pake, na kabla ya kila mechi alijipulizia manukato. Sasa nakuuliza, mtu anayekwenda kukimbia na kutoka jasho anajipulizia manukato ya nini? Fundi Vioo naye alijiuliza hivyo hivyo, na moyoni akambatiza Manukato. Mbele ya watu alimwita "mdogo wangu." Kijana alimwita "kaka," kwa adabu, tena kwa mikono miwili. Na kwa kuwa mume alikuwa kaka, mke akawa shemeji, na shemeji katika nchi za watu wanaocheka ni mtu wa kutaniwa.

Hapo ndipo kidonda kilipoanzia.

Manukato alipuliza vizuri, hilo lazima lisemwe. Filimbi yake ilikuwa moja, kali, bila wasiwasi. Lakini akifika mezani alikuwa na neno. "Shemeji, namba saba. Kamkumbatia mwenzake, na hata hawajatambulishana." Mama Meza aliandika huku mabega yanatikisika. Au: "Namba kumi na moja, kasukuma. Anadhani yuko kwenye foleni ya zahanati yenu." Hapo Mama Meza alicheka mpaka kalamu ikasimama, akamwinulia dole gumba huku anafuta macho. Na Fundi Vioo alikuwa wapi? Alikuwa upande wa pili wa uwanja, na mpira uliokufa mkononi, akilinda wachezaji wasipigane. Ndivyo utaratibu unavyotaka. Mmoja akienda mezani, mwingine hubaki na kundi. Alikuwa mbali mno kusikia kilichosemwa na karibu vya kutosha kuona kilivyopokelewa.

Roho ilimchoma. Hakuwa na haja ya kujiuliza kama mtu anaweza kwenda mezani kwa sababu zake mwenyewe, maana njia ile aliilima yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alimtazama kijana akitembea, ngumi juu, kifua mbele, na akaona kabisa kwamba hatua zile si za mtu anayepeleka namba.

Jioni moja mkewe alipokuwa anasuuza sahani alijikaza akauliza.

"Yule kijana huwa anakuambia nini pale mezani?"

"Kijana yupi?"

"Unamjua."

"Ananiambia namba. Karani anaambiwa nini kingine?"

"Namba haichekeshi."

"Inategemea nani anaisema," mkewe akajibu, akamrushia maji kidogo usoni kwa ncha za vidole.

Ulikuwa utani. Lakini mwenye wivu hana sikio la utani, kila anachoambiwa anakipeleka moja kwa moja kwenye faili la kesi. Fundi Vioo alilala na sentensi ile, akaamka nayo, akaenda nayo dukani. Siku hiyo alikatia mteja kioo cha dirisha la bafu. Alivuta mstari, akaona kama kisu hakikushika vizuri, akarudia. Kioo kikapasuka kuelekea kusikotakiwa. Alikizoa kwa brashi, akakata kingine, kikapasuka pia. Mteja akamtania, "Fundi, leo mmegombana na nani?" Akasema vioo vya siku hizi ni vibovu.

Ikafika mahali akaanza kuiba makosa.

Nieleze kidogo, kwa maana wizi huu haujulikani mahakamani. Waamuzi wawili hugawana uwanja. Mmoja husimama mwisho, chini ya kikapu, na kutazama wanaopigania mpira pale karibu. Mwingine hubaki nyuma na kutazama walio mbali. Kila mmoja na eneo lake, na kabla ya mechi, katika kile chumba cha kuwekea mipira, huahidiana kwamba hakuna kudokoa chunguni mwa mwenzake. Mwamuzi akipuliza, kosa ni lake, na safari ya mezani ni yake. Fundi Vioo akaona dawa imepatikana. Kila Manukato alipovuta pumzi, yeye alikwisha kupuliza. Alitoka mbio toka katikati ya uwanja kwenda kudai kosa lililotendeka chini ya kikapu, akalipeleka mezani akiwa amenuna mithili ya mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Namba nane. Kushika. Mpira wa pembeni. Mkewe aliandika, akamwinulia dole gumba, hakucheka. Na yeye badala ya kujiuliza kwa nini hakucheka, alifurahi kwamba angalau hakumchekea mwingine.

"Kaka," Manukato alimwambia wakati wa mapumziko, kwa sauti ya heshima, "ile ya mwisho ilikuwa kwangu."

"Niliiona."

"Hata mimi niliiona. Niliona hawakugusana."

"Basi macho yetu hayafanani, mdogo wangu."

Kijana akafungua chupa ya maji, akamkaribisha kwanza yeye. Fundi Vioo akakataa ingawa koo lilikuwa limekauka kabisa.

Sasa njoo kwenye nusu fainali ya wanawake, bluu na njano. Uwanja wa saruji ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Bluu walikuwa mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, na mpira uko kwa njano. Manukato alikuwa chini ya kikapu, Fundi Vioo nyuma. Namba tisa wa njano, msichana mfupi mwenye kasi, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaingia chini ya kikapu. Mbele yake akabaki namba kumi wa bluu, mikono juu, ambaye tayari alikuwa na makosa manne. La tano lingemtoa nje.

Lilikuwa eneo la Manukato, hakuna ubishi. Na Manukato alikuwa amesimama pazuri, anatazama. Kisha akainua mkono kuelekea mdomoni.

Fundi Vioo aliuona mkono ule. Akageuza macho kwenye meza, akamwona mkewe ameinua uso upande ule ule, midomo imeshaanza kutabasamu. Damu ikampanda. Akapuliza.

Alipuliza kwa nguvu hata kunguru wakaruka kwenye waya. Mpira ulikuwa bado mikononi mwa namba tisa. Msichana hakusimama, aliumalizia mwendo wake, akaurusha, ukagonga ubao, ukaingia. Watu wa njano wakaruka juu. Na mkono wa Manukato ulikuwa bado usoni kwake, unafuta jasho lililomwingia jichoni. Hakuwa na nia ya kupuliza chochote. Hapakuwa na kosa lolote.

Ngumi ya Fundi Vioo ilikuwa juu tayari, ilijiendea kwa mazoea. Miguu nayo ikamchukua hadi mezani, na njia nzima alikuwa akitafuta kichwani kitu alichokiona, akikuta ukurasa mweupe. Akasimama mbele ya mkewe. Uwanja ukanyamaza kumsikiliza.

"Namba?" mkewe akauliza, kalamu juu ya karatasi.

Akageuka kukitazama kikapu.

"Mwamuzi, namba ngapi?"

Sheria ya hapo haina huruma. Mpira ukishatoka mkononi kwenda kikapuni, filimbi ikilia haiuui, ukiingia umeingia. Lakini ukiwa bado mkononi, na filimbi ikalia bila kosa, umekufa pale pale, na lolote linalofuata ni mazoezi tu. Kama beki angemgusa kweli yule msichana akiwa anarusha, kikapu kingehesabiwa na mtupo mmoja juu yake, na njano wangekuwa mbele. Kwa hiyo neno moja la Fundi Vioo lilitosha kuwapa njano ushindi na kumtoa namba kumi. Neno jingine lingewanyima njano kikapu walichokistahili kwa jasho lao. Neno la kumwacha kila mtu na haki yake halikuwepo tena. Alishaliua.

Akasikia harufu ya manukato ubavuni.

"Kaka," kijana akanong'ona, mgongo ameupa watu, "aliyekuwa karibu ni namba kumi. Sema kumi. Wakiniuliza, nitasema hata mimi nimeona."

Laiti kijana angemcheka. Laiti angempiga kijembe, Fundi Vioo angepata pa kushika. Lakini alisaidiwa, tena na huyu, tena mbele ya meza hii. Akamtazama namba kumi wa bluu, ambaye bado alikuwa ameinua mikono juu, anarudia polepole, "Sijamgusa. Sijamgusa." Akamtazama mkewe. Mkewe hakuwa akitazama karatasi wala uwanja. Alikuwa anamtazama yeye, na macho yale yalikwisha kujua.

Nisimpake mafuta mtu wangu. Uadilifu ulikuwepo, lakini nusu nzima ilikuwa ni wivu huo huo, ambao haukukubali aokolewe na Manukato.

"Hakuna namba," akasema. "Filimbi imelia kimakosa. Kikapu hakihesabiwi. Mpira wa njano, pembeni."

Kelele zilizofuata sina haja ya kuzieleza. Kocha wa njano alikuja akasema neno moja tu, "Umetunyang'anya," na neno lilikuwa la kweli, kwa hiyo Fundi Vioo hakumpa hata onyo. Njano waliingiza mpira kutoka pembeni, wakarusha kwa haraka, ukagonga chuma ukatoka. Mchezo ukaisha. Namba tisa alikaa chini pale pale chini ya kikapu, akajifunika uso kwa jezi.

Walirudi nyumbani. Mkewe aliweka begi la karatasi juu ya meza ya kulia, akavua viatu, akakaa.

"Ulipopuliza ulikuwa unatazama wapi?"

"Uwanjani."

"Usinifanye mtoto. Niliposikia filimbi nilikutafuta, nikakuta macho yako yako usoni kwangu."

"Ulikuwa unamchekea."

"Nilikuwa nauchekea mchezo. Yule msichana alikuwa amewapita watu wawili, hata wewe ungetabasamu kama ungemwona. Hukumwona."

Fundi Vioo akatafuta pa kupitia. "Lakini anakuchekesha. Kataa."

"Sikatai. Ananichekesha sana. Wewe mara ya mwisho kunichekesha ni lini?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, akapekua msimu hadi msimu, na jokofu likanguruma pale kona, likazima, likaanza tena.

"Zamani ulikuwa unapuliza uongo ili uje kwangu," mkewe akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka uje. Leo umepuliza ili mtu asije. Na mtoto wa watu amerudi kwao analia. Mimi nikae pale nikijua filimbi inalia kwa ajili yangu? Siwezi. Nitaomba wanipeleke uwanja mwingine."

Akadhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa. Wiki iliyofuata katibu wa chama alimhamishia Mama Meza uwanja wa upande wa pili wa mji, na Fundi Vioo akawekwa kando kwa muda kama adhabu. Aliporudi, mezani alimkuta mzee mstaafu wa posta, mwenye miwani minene, mtu ambaye ilisemekana hajacheka tangu astaafu. Fundi Vioo alimpelekea namba, mzee akaandika, akainua kidole bila kuinua kichwa.

Kisha ikawa zamu ya Manukato. "Babu, namba tatu. Kamvuta jezi mwenzake, anataka kujua imeshonwa wapi." Mzee wa posta akasimamisha kalamu. Mabega yakaanza. Akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa, na kijana akasimama pale akisubiri dole gumba, anacheka naye.

Fundi Vioo, upande wa pili, na mpira uliokufa mkononi, aliona yote. Alitamani saruji ipasuke immeze. Baada ya mechi, katika chumba cha mipira, alimwambia kijana, "Ile ya namba tisa ilikuwa kwako."

"Najua, kaka."

"Na nyingine nyingi."

"Najua pia." Kijana akafunga zipu ya begi. "Shemeji hajambo?"

"Hajambo," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuuliza moyoni kwa nini ameulizwa.

Lakini usidhani wivu ulikufa. Kwanza sasa ulikuwa mbaya zaidi, maana zamani ulikuwa na sura na manukato, ukiutaka unauona kwa macho. Sasa kila Jumamosi mkewe alivuka mji na kukaa kwenye meza ambayo yeye hakuijua, na wanaume asiowajua walimtembelea ngumi juu. Alichokuwa akikilinda alikitoa mwenyewe machoni pake, kwa pumzi yake. Dukani alikata vioo polepole. Alijifunza upya kuvuta mstari na kuuacha.

Jumamosi moja mkewe alirudi jua likiwa bado kwenye ukuta wa jikoni. Alikuwa mchangamfu. Alisukuma mlango kwa bega, begi la karatasi kifuani, na usoni bado kulikuwa na mabaki ya kicheko kilichoanzia mahali pengine. Fundi Vioo akayaona mara moja, wala asingeweza kutoyaona.

"Mchezo ulikuwaje?" akauliza.

"Mtamu. Wameshinda kwa pointi mbili."

Hapo lilifuata swali. Lilipanda lote, la nani kapuliza, ana umri gani, kakuambia nini, likamjaa mdomoni. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akampokea begi, akaliweka juu ya meza ya kulia mahali pake.

Mkewe alibaki mlangoni anamtazama, anasubiri. Swali halikuja.

"Haya, mwamuzi," akasema, akainua kalamu iliyokuwa bado mkononi. "Namba ngapi?"

Fundi Vioo akasimama wima kando ya begi, mikono chini.

"Hakuna namba."

Na Mama Meza akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa mlango, mpaka akafuta macho kwa kiganja, kicheko kile kile ambacho msimu mzima mumewe alikuwa akikitazama kutoka upande wa pili wa uwanja.